Ukoo wa Janssen wa Uholanzi ni watu gani? Mjomba anataka jibu kabla ya posa

Kaka wa Bibi Harusi, Kibosho

Habari za jioni wanajamvi. Naomba msaada, na tafadhali msinicheke.

Mdogo wangu wa kike anaolewa na Mholanzi. Kijana mwenyewe hana shida. Alikuja Moshi na mradi wa visima, sasa mwaka wa tatu, machalari anakula, na siku ya kwanza kufika nyumbani alimaliza kata nzima ya mbege bila kukunja uso. Mama ameshampenda. Shida ni mjomba, naye ndiye msemaji wetu.

Kwetu ukimtajia mzee jina la Mushi au Kimaro, papo hapo anakwambia mlango gani, kihamba (shamba la ukoo) kiko upande upi wa mto, na nani aligombana na nani mpakani mwaka gani. Sasa amekaa na jina la Janssen mdomoni siku ya nne na halimwambii kitu. Jana kaniuliza: "Wewe unayeshinda na simu, hebu tafuta, hawa akina Janssen ni watu wa namna gani?"

Nikatafuta. Nimekuta askofu. Nimekuta haramia wa baharini. Nimekuta mshindi wa mbio za baiskeli, mwigizaji wa sinema, mtu anayetengeneza wanyama wa mabomba wanaotembea ufukweni, na kampuni ya dawa. Halafu nikakumbuka kadi yangu ya chanjo ya Korona, nikaitoa droo, na yenyewe imeandikwa Janssen!

Hawa wote ni ukoo mmoja? Huyo askofu na huyo haramia ni ndugu? Maana mjomba akisikia haramia, posa imekufa. Washenga wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Kandanda

Mkuu, umemsahau mkubwa wao. Wim Jansen, kiungo wa Feyenoord. Fainali ya Kombe la Dunia 1974 pale Munich, Uholanzi wanaongoza kwa penalti ya Neeskens, mpira haujapoa vizuri. Hölzenbein anaingia kwenye boksi, Jansen anateleza kumkaba, Mjerumani anaanguka. Penalti, Breitner anasawazisha, na mwisho wa siku 2-1 Ujerumani. Wazee wa Kiholanzi mpaka leo wanasema yule alijirusha.

Kingine kitamu: mwaka 1970 huyohuyo Jansen alikuwa uwanjani Feyenoord walipowafunga Celtic fainali ya Kombe la Ulaya. Miaka 28 baadaye akawapa Celtic haohao ubingwa wa Uskoti kama kocha na kuwazuia Rangers kuchukua mara kumi mfululizo. Ndiye aliyempeleka Henrik Larsson pale. Alifariki 2022. Mwambie mjomba damu ya ushindi ipo.

Kuhusu haramia sina maoni.

Dada wa Posta, Venlo

Kaka wa Kibosho, kabla sijakujibu: huyo shemeji ana s moja au mbili? Kwenye kichwa cha habari umeandika mbili. Kaangalie pasi yake. Usilidharau swali hili, mimi mwaka wa tisa sasa napeleka barua kwa baiskeli huku Venlo, kusini mashariki mwa Uholanzi, na s moja imewahi kunitia adabu. Nitakuja huko.

Jibu la mjomba ni fupi: hakuna ukoo wa Jansen. Jansen ni "bin Jan". Basi.

Mimi ni mtu wa Pangani, na huenda ndiyo maana lilinikaa kichwani haraka kuliko litakavyowakaa nyie wa mlimani. Nyie mna majina ya ukoo, mtoto anazaliwa na kulikuta jina limeshakaa kibarazani linamsubiri. Sisi pwani mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na kila kizazi msururu unasogea hatua moja. Waholanzi wa zamani walikuwa vilevile. Mchoraji Rembrandt, jina lake kamili ni Rembrandt Harmenszoon van Rijn. Harmenszoon, mtoto wa kiume wa Harmen. Na baba yake huyo Harmen aliitwa Harmen Gerritszoon, mtoto wa Gerrit. Rembrandt bin Harmen bin Gerrit. Unaona? Kwenye kuandika walikuwa wavivu, "zoon" wakaikata wakabakiza z na nukta: Harmensz., Jansz. Mwanamke alikuwa Jansdochter, kwa kifupi Jansdr., yaani binti Jan.

Yule baharia Tasman, aliyefika mwaka 1642 kwenye kisiwa kinachoitwa leo Tasmania, ni Abel Janszoon Tasman. Nahodha Willem Janszoon wa meli ya Duyfken, ambaye mwaka 1606 alikuwa Mzungu wa kwanza tunayemjua kukanyaga Australia, naye baba yake ni Jan. Hawana undugu. Kila mmoja ana Jan wake.

Na Jan ni Yohane, jina la mtakatifu, kila nyumba lilikuwemo. Chukua mfano wa Juma kwetu. Simama soko la samaki Pangani uite "Juma!", watageuka kumi. Halafu serikali iamke siku moja iseme: kuanzia leo jina la baba yako ndilo litakuwa la watoto wako na wajukuu na vitukuu, marufuku kulisogeza. Watoto wa Juma mvuvi, wa Juma fundi baiskeli na wa Juma muuza nazi wote wanakuwa akina Juma. Miaka mia mbili inapita, anatokea mjomba wa watu anauliza, hawa akina Juma ni watu gani?

Hicho ndicho kilichotokea. Agosti 1811 Napoleon wa Ufaransa, aliyekuwa ameimeza Uholanzi, alitoa amri kila mtu aandikishe jina la kudumu la familia. Ila msidanganywe kwamba yote yalianza siku ile. Huku kusini na kwenye miji mikubwa majina mengi yalikuwa yameshaganda zamani, amri iliwakuta hasa watu wa kaskazini, Friesland na Drenthe, ambao walikuwa bado wanasogeza msururu kama sisi. Leo Jansen ni la pili kwa wingi nchi nzima baada ya De Jong, watu zaidi ya 70,000, na hapo hujawahesabu wenye s mbili.

Sasa hizo s. Jansen ya s moja ndiyo ya nchi nzima. Huku Limburg s mbili zimejaa, Janssen. Ukivuka kwenda Ubelgiji wanaongeza nyingine mwishoni, Janssens. Ukienda Zeeland kwenye visiwa wanaipunguza, Janse. Kuna katuni moja maarufu ya Kibelgiji yenye wapelelezi wawili wanaofanana kila kitu isipokuwa ncha za masharubu. Kwa Kiholanzi wale mabwana wanaitwa Jansen na Janssen, na huku hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini inachekesha.

Mimi sikucheka. Kuna ghorofa moja kwenye njia yangu, chini masanduku ya barua yamepangwa kama vyumba vya njiwa, na kwenye masanduku matatu imeandikwa "J. Janssen". Huku barua haifuati jina, inafuata namba: tarakimu nne, herufi mbili, namba ya nyumba, umefika. Siku hiyo mvua ya Novemba, vidole vimekufa ganzi, nikasoma jina, namba sikuiangalia. Barua ya hospitali ikaingia kwa J. Janssen wa juu badala ya J. Janssen wa chini. Mzee wa watu kafungua, kakuta anaitwa kupimwa moyo, kakaa siku mbili akihesabu mapigo yake. Kosa langu peke yangu. Nilikwenda kuomba radhi milango yote miwili, na kila mlango nilinyweshwa kahawa na kipande kimoja cha biskuti, si zaidi. Tangu hapo kichwani mwangu wana majina mengine: Jan wa mbwa, Sjaak wa ghorofani, na Jo anayebandika kila mwaka karatasi mpya ya kukataa matangazo.

Kumbe na wao wenyewe wanafanya hivyohivyo. Vijijini huku, ukiuliza habari za Janssen, wazee wanakuuliza Janssen yupi, halafu wao kwa wao wanasema "Piet wa Jan wa Toon". Jina la serikali limelala kwenye makaratasi, mdomoni wamerudi kwenye bin.

Nitaendelea kesho, alfajiri napanga barua.

Bint Unguja

Ahsante sana dada wa posta, umeeleza ukaeleweka. Mimi nataka nimtetee huyo haramia, kwani kaachwa peke yake.

Huyo ni Jan Janszoon wa Haarlem, kwa hesabu ya dada ni Jan bin Jan. Alikamatwa mwaka 1618 na maharamia wa Afrika Kaskazini karibu na Lanzarote, visiwa vya Kanari. Akasilimu, akaitwa Murad, na akapanda cheo mpaka kuwa mkubwa wa manowari za Salé, kule Morocco. Wazungu wanamwandika Murat Reis. Meli zake zilifika hadi Iceland mwaka 1627, na mwaka 1631 alishuka usiku kijiji cha Baltimore, Ireland, akaondoka na watu zaidi ya mia kwenda kuuzwa. Hilo siwezi kumtetea, biashara ya kuuza watu tunaijua sana sisi, masoko yake tumeyaona.

Lakini sikilizeni hili. Anayetajwa kuwa mwanawe, Anthony Janszoon van Salee, alihamia New Amsterdam, ndiyo New York ya leo, akamiliki mashamba kule Brooklyn. Janszoon, na mbele yake "wa Salé". Bin Jan wa Morocco! Na sisi tunadhani watu walianza kuhamahama juzi.

Kwa hiyo kaka, mjomba akiuliza, huyo si wa ukoo wa shemeji. Kila mtu na Jan wake, dada ameshasema.

Kaka wa Bibi Harusi, Kibosho

Shukrani sana dada zangu. Nimemsomea mjomba maelezo yote kwa sauti, mara mbili. Amekaa kimya, akavuta ugoro, kisha akasema: "Kwa hiyo hawana ukoo. Tunamwoza mtoto kwa watu wasio na ukoo."

Sasa imekuwa mbaya kuliko haramia.

Mfamasia wa Mwanza

Pole mkuu. Mimi niongeze la kadi yako ya chanjo, maana hapo ndipo jina hili limeingia nyumbani kwetu wote.

Huyo ni Dk. Paul Janssen, Mbelgiji, amezaliwa Turnhout mwaka 1926, mtoto wa daktari. Mwaka 1953 alianzisha maabara yake ya utafiti akiwa kijana wa miaka 27. Mwaka 1958 timu yake ikatoa haloperidol, dawa ambayo mpaka leo hospitali za magonjwa ya akili Afrika Mashariki haziwezi kufanya kazi bila hiyo. Miaka miwili baadaye fentanyl ya usingizi wa upasuaji. Loperamide ya kuzuia kuhara ni yao. Na mebendazole! Kila aliyesoma shule ya msingi akapangwa mstari kumeza dawa ya minyoo ana nafasi kubwa ya kuwa amemmeza Janssen.

Mwaka 1961 kampuni ilinunuliwa na Johnson & Johnson wa Marekani. Nimesoma maelezo ya dada wa posta nikacheka peke yangu dukani, kwani Johnson nayo ni mwana wa John. Bin John kamnunua bin Jan. Chanjo ya sindano moja aliyochomwa Rais Samia pale Ikulu Julai 2021, na dozi zaidi ya milioni moja zilizokuja nayo, ndiyo hiyo. Kwa hiyo sanduku linasema Johnson, kadi inasema Janssen, na dawa ni moja.

Dada wa Posta, Venlo

Nimerudi, na nimeona maneno ya mjomba. Mpe shikamoo yangu, halafu mwambie asiharakishe.

Kwanza, kuganda si aibu. Mimi mwenyewe nimegandishwa. Nilipofika huku afisa wa manispaa akaangalia pasi yangu, majina matatu, akachukua la mwisho akaliandika kwenye nafasi ya jina la familia. La mwisho ni la babu yangu, Mbwana. Tangu siku hiyo mimi ni Bibi Mbwana. Kaka yangu aliyeko Denmark karatasi zake zilikatwa kwingine, yeye amebaki na jina la baba. Tumbo moja, majina mawili, na kila tukiomba karatasi ya undugu tunaonekana waongo. Mwanangu amezaliwa hapahapa, nimemwandikisha Mbwana, na wajukuu watakuwa Mbwana. Babu yangu safari yake ndefu maishani ilikuwa Tanga mjini kung'olewa jino. Sasa jina lake liko kwenye kibao cha mlango Venlo, na chini yake karatasi ya kukataa matangazo. Ukoo unaanza hivi, mjomba. Mtu mmoja anasimama, jina halimpiti tena.

Hata wao huko nyuma liliwachosha. Amsterdam, miaka ya 1600, kulikuwa na wachora ramani wawili majirani. Mmoja Willem Janszoon, alikuwa anaweka sahihi kwa Kilatini, Janssonius. Jirani yake Joannes, naye Janssonius. Ramani za dunia, biashara ileile, jina lilelile, na ugomvi juu. Mnamo mwaka 1621 Willem akachoka, akachukua jina la utani la babu yake, Blaeu, yaani "bluu". Leo ramani za Blaeu zinauzwa kwa bei ya nyumba. Na yeye ni babu ndiye aliyemwokoa. Ningekuwepo ningempelekea barua zake bure.

Pili, na hili mjomba alisikie vizuri kwa kuwa Kibosho nyie ni watu wa misheni. Njia yangu ya Alhamisi inapita Steyl, kijiji kidogo kando ya mto Maas, kuna kivuko cha kuvusha baiskeli na majengo makubwa ya matofali mekundu yenye minara. Pale mwaka 1875 padri mmoja alinunua nyumba iliyowahi kuwa baa akaanzisha shirika la wamisionari, lile la Neno la Mungu, SVD, ambalo mapadri wake leo wapo Kongo, Kenya na hapo Tanzania. Jina lake Arnold Janssen. S mbili. Alizaliwa Goch, upande wa Ujerumani, mwendo mfupi kutoka hapa, akavuka mpaka kwa sababu Kansela Bismarck alikuwa amewabana Wakatoliki kwao. Alifariki 1909, na Oktoba 2003 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu. Amelala palepale Steyl. Mara nyingi nikifika nakuta mishumaa imewashwa.

Sikwambii ni babu wa shemeji. Nakwambia jina hili limewahi kubebwa na mtakatifu, na askofu wa Ypres aliyezua mabishano ya dini miaka mia (huyo ndiye Cornelius Jansen, kitabu chake kilitoka 1640 akiwa ameshakufa), na Jan Janssen aliyeshinda Tour de France 1968 kwa tofauti ya sekunde 38. Na Afrika Kusini lipo pia, lilishuka Cape na meli za Waholanzi. Profesa Jonathan Jansen, mtu mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Free State, 2009, analo. Mjomba achague wa kumsimulia.

Kama anataka ukoo wa kweli, amwambie shemeji alete hati ya kuzaliwa ya babu yake. Huku madaftari ya vizazi ya tangu 1811, na kusini tangu wakati Wafaransa walipoingia, yamehifadhiwa na mengi yanasomeka kwenye intaneti bure. Ndani ya jioni moja atamletea vizazi saba, kijiji kwa kijiji, na kazi ya kila mmoja. Sijui wazee wangapi Kibosho wanaweza hivyo bila kuongezea chumvi.

La mwisho, la dada yako. Ndoa ya Uholanzi haibadilishi jina la mwanamke kwenye pasi. Atabaki na lenu. Akitaka kutumia la mume anaruhusiwa, akitaka kuyaunganisha anaruhusiwa. Na tangu Januari 2024 wazazi wanaweza kumpa mtoto majina yote mawili, la baba na la mama. Mjomba anaweza kupata mjukuu mwenye jina la ukoo wenu na la Jan, yote kwenye pasi moja. Ila waamue kabla, wasingoje mtoto alie.

Na hujanijibu. S ngapi?

Mzee wa Kandanda

Nimejifunza mengi. Kumbe Larsson ni mwana wa Lars! Mwana wa Jan kamleta mwana wa Lars. Na kocha wa 1974 Rinus Michels, naye bila shaka bin Michiel. Timu nzima ya mabin.

Kaka wa Bibi Harusi, Kibosho

Wakuu, mrejesho.

Habari ya mtakatifu imefanya kazi. Mjomba ameniomba nimwandikie jina la kijiji kwenye karatasi, Steyl, ameikunja akaitia mfuko wa koti la kanisani. Tangu juzi anawaambia wenzake kilabuni kwamba upande wa mkwe kuna mtakatifu. Nimemweleza kwamba dada wa posta hakusema hivyo, kasema nisimharibie. Haramia sijamtaja na sitamtaja.

Shemeji ameomba hati kwa baba yake. Imekuja kwenye simu, tumefika mpaka mwaka 1823, mkulima, na baba wa huyo mkulima anaitwa Jan. Mjomba akauliza baba wa Jan ni nani. Shemeji akasema naye Jan. Mjomba akajipiga kiganja pajani, "Sasa tunaongea!"

Dada wa posta, pasi nimeiangalia jana usiku. S moja.

Kadi za mchango mia tatu zilishachapwa wiki iliyopita, JANSSEN, herufi kubwa za dhahabu. Nilimtumia fundi wa steshenari jina kwa kulinakili kutoka kadi yangu ya chanjo. Mia na arobaini zimeshagawiwa. Kuna mwenye wazo la jinsi ya kufuta s ya dhahabu?